Viza imetoka na bado uko Malindi: kuchelewa kunavyohesabiwa Kanada, Marekani, Australia na Italia

Viza ya Kanada ya dada yangu na mumewe ilitoka mwaka 2025, wiki ileile ambayo mama mkwe wake alianguka kwa kiharusi huku anakuna nazi. Shemeji ndiye mtoto wa pekee aliyebaki Malindi. Wenzake wametawanyika, mmoja Maskati, mwengine Nairobi. Jioni ya pili, alipotoka hospitali, alikuja kukaa barazani kwetu akauliza swali ambalo mimi hulisikia kila mwezi: "Nikichelewa kwenda, itapotea?"

Majibu yalikuja kabla kahawa haijamiminwa. Mzee ambaye mwanawe yuko Marekani alisema hakuna shida, mradi uingie kila miezi sita. Bibi aliyekaa Italia miaka kumi na mume wake Mzungu akasema miezi sita ya nini, wewe una mwaka mzima. Kijana mmoja akasema miaka mitatu. Mwengine, ambaye dadake ni muuguzi Australia, akasema miaka mitano.

Watatu walisema kweli, kila mmoja kwa nchi aliyoijua. Wa kwanza alisema nusu ya kweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowapoteza watu.

Kazi yangu ni kujaza fomu za watu katika saiba moja, duka la intaneti, hapa mjini. Mimi si wakili. Lakini baada ya fomu nyingi nimeona kwamba ugomvi wa barazani haumaliziki kwa sababu watu wanalinganisha miezi kwa miezi, ilhali nchi hizi hazihesabu kitu kimoja. Kanada inahesabu siku. Marekani inapima nia. Australia inaangalia mlango, kama bado uko wazi. Italia, pamoja na nchi nyingi za Ulaya, inahesabu ukimya wako: umekaa muda gani mfululizo bila kuonekana. Ukishajua nchi yako inahesabu nini, swali la kwenda sasa au kungoja linakuwa jepesi zaidi.

Kwanza: umeingia, au una karatasi tu?

Wengi wanaoniambia "nimepata ukaazi wa kudumu" hawajaupata bado. Viza ya mhamiaji ni ruhusa ya kwenda kuuchukua ukaazi, na ina siku ya mwisho. Kwa Kanada, siku hiyo kwa kawaida hufuata vipimo vya afya, ambavyo hudumu miezi 12, au pasipoti ikiwa inaisha mapema. Viza ya Marekani kwa kawaida ni hadi miezi 6. Australia, barua ya viza yenyewe inataja tarehe ambayo lazima uwe umeingia mara ya kwanza. Ukiipitisha siku hiyo, habari zote za miaka mitatu na mitano hazikuhusu tena, maana hujawahi kuwa mkaazi.

Kwa hiyo uamuzi wa mwanzo kabisa ni kutua au kutotua. Kutua ni kuingia, kupokelewa kama mkaazi, kisha hata wiki ijayo ukageuza. Nchi zote tatu zinaruhusu. Tofauti ni saa inaanza lini: Kanada na Marekani saa inaanza siku uliyoingia, Australia ilishaanza siku viza ilipotolewa, hata kama ulikuwa bado Malindi unatafuta nauli.

Hapa pana mtego, na niseme waziwazi kwa sababu huku kwetu muda wa kungoja safari ndio muda wa kuozesha. Familia inaona kijana anaondoka, inasema basi afunge ndoa kabisa kabla hajapotea huko. Nikahi inapita Ijumaa, kijana anapanda ndege Jumatano. Kwa Kanada, mke au mtoto ambaye hukumtaja kabla ya kutua anaweza kufungiwa mlango wa kudhaminiwa na wewe baadaye. Lazima uwaarifu kabla ya kusafiri, hata kama wao hawaendi na wewe. Marekani, kama viza yako umepewa kwa kuwa mwana wa mtu na hujaoa, ukifunga ndoa kabla ya kuingia viza hiyo haifai tena. Usiseme "hii ni ya msikitini tu, serikali haijui." Ndoa ni ndoa, na siku utakapotaka kumleta mke, cheti chenyewe kitakuwa na tarehe.

Kanada: daftari la siku

Sheria ya Kanada ni moja, na mimi naipenda kwa sababu haiulizi moyo wako uko wapi. Katika kila miaka mitano, uwe umekuwa ndani ya Kanada siku zisizopungua 730. Si lazima ziwe mfululizo. Unaweza kukaa miezi mitatu, ukatoka, ukarudi miaka miwili baadaye. Hesabu ni jumla.

Kwa mgeni ambaye hajatimiza miaka mitano tangu kutua, ofisa anaangalia mbele pia: siku zilizobaki kabla ya miaka mitano kutimia, zikijumlishwa na ulizokwisha kukaa, zitafika 730? Zikifika, hujavunja chochote. Ndiyo maana yule kijana alisema mitatu. Miaka mitano ina siku 1,826 hivi. Ukitoa 730 unabaki na takribani siku 1,096 za kuwa nje.

Lakini huo ni ukingo wa jabali, na watu wa Malindi wanapenda kusimama ukingoni. Tuseme mtu ametua, akarudi kwao, akakaa miaka miwili na miezi kumi, ndipo akahama. Amebakiwa na miaka miwili na miezi miwili, yaani siku 790 na kitu. Anapumua. Mwaka wa kwanza babake anafariki. Anakuja kuzika, anakaa hitma, anangoja arubaini, na kwa kuwa ardhi ya urithi haijagawanywa anaongeza wiki tatu. Siku 60 zimekwenda. Sasa hana hata wiki ya kuugua. Na miaka mitano ya kwanza ikishapita hesabu haifungwi. Inaanza kutembea na wewe: siku yoyote utakayoulizwa, wanarudi nyuma miaka mitano kamili kutoka siku hiyo na kuhesabu tena.

Siku za nje zinaweza kuhesabiwa kama za ndani ukiwa unaishi nje pamoja na mume au mke ambaye ni raia wa Kanada, au ukiwa umepelekwa nje na kampuni ya Kanada au serikali yake katika kazi ya muda wote. Kwa wengi wetu hilo halipo.

Kadi ya ukaazi nayo ina mambo yake. Hutumwa kwa anwani ya Kanada tu, kwa hiyo anayetua na kurudi anahitaji mtu wa kumpokelea. Kadi kuisha muda hakuui ukaazi. Ukaazi wa Kanada haupotei wenyewe, mpaka ofisa aamue rasmi au wewe mwenyewe uukane. Ila ukiwa Malindi na pasipoti ya Kenya, bila kadi iliyo hai huwezi kupanda ndege ya kwenda huko mpaka uombe hati ya safari ya mkaazi. Hapo ndipo siku zako zinapohesabiwa. Mwenye kadi hai huulizwa mpakani, akiwa tayari na haki ya kuingia, na hata wakimwandikia ripoti anakata rufaa akiwa ndani. Asiye na kadi kesi yake inaamuliwa yeye akiwa bado anakunywa chai nyumbani. Akikataliwa ana siku 60 za kukata rufaa, na akizilalia ukaazi unakwenda.

Katika rufaa, na hata kabla yake, Kanada husikiliza sababu za kibinadamu: mzazi mgonjwa asiye na mwengine, maslahi ya mtoto. Sababu bila karatasi, hata hivyo, ni hadithi. Weka barua za hospitali zenye tarehe, vyeti vya kifo, na pasipoti za zamani. Usiitupe ile iliyotobolewa, mihuri yake ndiyo shahidi wako.

Marekani: unaishi wapi?

Sasa nimrudie mzee wa miezi sita.

Ni kweli kwamba mwenye grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, akirudi ndani ya siku 180 kwa kawaida hatendewi kama mtu anayeomba kuingia upya. Akizidisha hapo, maswali yanakuwa mazito. Akizidisha mwaka mmoja, kadi peke yake haimwingizi tena, hata kama imeandikwa miaka kumi. Mzee hakukosea hapo.

Alikosea kudhani miezi sita ni kama kodi ya duka, ukilipa hufukuzwi. Sheria ya Marekani inauliza kama ulikokwenda ni matembezi ya muda na nyumbani ni Marekani, au nyumbani ni huku na Marekani ndiko unakotembea. Kuna uamuzi wa mwaka 1975 wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji kuhusu mama aliyekuwa akiendesha nyumba ya wageni kwao Jamaika karibu mwaka mzima, kisha anakwenda Marekani mwezi mmoja hivi kila mwaka kuulinda ukaazi wake. Bodi ilisema huyo harudi nyumbani kutoka matembezini. Nikiusoma uamuzi ule naona Malindi na jirani yetu Watamu zote.

Na kweli nimeona mmoja. Mwenye vyumba vya kupangisha, kadi aliipata kwa bahati nasibu ya viza, na kila baada ya miezi mitano alikuwa anakwenda wiki mbili, anashinda kwa rafiki, anarudi. Safari ya tatu au ya nne ofisa alimuuliza swali dogo tu: unaishi wapi? Naye, kwa kuwa ni mkweli, akajibu: Watamu. Walimpa karatasi atie sahihi. Alikuwa amechoka, hajalala, akatia. Hiyo ni fomu I-407, ya kuukana ukaazi kwa hiari. Halazimishwi mtu kuitia sahihi. Mwenye kadi ana haki ya kupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji, na mzigo wa kuthibitisha kwamba ameuacha ukaazi si wake. Yeye hakujua.

Kwa anayejua mapema kwamba atachelewa, njia ya Marekani ni kibali cha kuingia tena, fomu I-131. Hudumu hadi miaka miwili. Hakirefushwi, ila unaweza kuomba kingine. Sharti lake ndilo linalowakwaza watu wa huku: lazima uwe ndani ya Marekani unapokiomba, na kuna alama za vidole za kutoa. Ukitua Jumatatu na kugeuza Ijumaa, hujakipata. Panga kukaa wiki kadhaa. Kibali hakizuii maswali, lakini kinaonyesha kwamba ulisema tangu mwanzo: natoka, nitarudi, na sababu yangu ni hii.

Aliyekwisha kuzidisha mwaka bila kibali, kwa sababu iliyokuwa nje ya uwezo wake, anaweza kuomba ubalozini viza ya mkaazi anayerejea, fomu DS-117. Inapatikana, lakini ni kilima. Lazima uonyeshe uliondoka Marekani ukiwa na nia ya kurudi, na kwamba kuchelewa hakukutokana na wewe. Aliyetua wiki moja tu, bila nyumba, bila kazi, bila hata akaunti ya benki, ataonyesha nini kwamba alikuwa anarudia?

Kodi pia. Mkaazi wa kudumu wa Marekani hutangaza mapato yake ya dunia nzima, pamoja na ya zile nyumba za kupangisha za Malindi. Anayejaza fomu ya kodi kama asiye mkaazi ili apunguziwe ameshajiandikia ushahidi dhidi yake.

Kwa akina mama kuna jambo moja la faraja ambalo wengi hawalijui: mtoto aliyezaliwa huku wakati mama mwenye kadi yuko katika matembezi ya muda anaweza kuingia bila viza ya mhamiaji, mradi apelekwe kabla hajatimiza miaka miwili, na iwe ndiyo safari ya kwanza ya mzazi kurudi.

Australia: mlango una tarehe

Australia ni kinyume kabisa, na ndiyo maana nawaambia wauguzi wanaopima kati yake na Kanada wasome hapa mara mbili.

Viza ya kudumu ya Australia hukupa miaka mitano ya kuingia na kutoka, ikihesabiwa tangu siku ilipotolewa. Ukishaingia mara moja kabla ya ile tarehe ya kwanza, hakuna daftari la siku katika miaka hiyo mitano. Unaweza kutua, ukarudi Malindi, ukauguza, ukajenga, ukaoza watoto, kisha ukaingia mwezi wa mwisho wa mwaka wa tano, na hakuna atakayekuambia umevunja sheria. Ukiwa ndani, ukaazi wenyewe hauna mwisho.

Bei yake unailipa siku unapotaka kutoka. Ile ruhusa ya kusafiri ikiisha, ukitoka huwezi kurudi mpaka uwe na viza ya kurejea ya mkaazi. Ya miaka mitano hupewa aliyekaa Australia angalau miaka miwili kati ya mitano iliyopita. Pungufu ya hapo, utaulizwa uhusiano wako na nchi: kazi, biashara, familia; na ukikubaliwa mara nyingi ni mwaka mmoja. Ipo pia ya miezi mitatu kwa mwenye sababu nzito na ya huruma. Kwa hiyo aliyechelewa hadi dakika ya mwisho anafungwa kwa ndani. Simu ya usiku ikilia kutoka Malindi, hataweza kutoka tu kama jirani yake wa Kanada. Lazima kwanza aombe, angoje.

Italia, kwa sababu hii ni Malindi

Huwezi kuandika habari hizi Malindi, mji wenye Waitaliano wengi, ukaiacha Italia, na wanaoniletea maswali yake si wanaongoja kwenda. Ni waliokwenda, wakarudi, na sasa hawajui kama soggiorno yao, kibali cha kuishi Italia, bado inapumua.

Mwenye kibali cha Umoja wa Ulaya cha mkaazi wa muda mrefu, ambacho hupatikana baada ya kuishi kihalali miaka mitano, hukipoteza akikaa nje ya Umoja huo miezi 12 mfululizo. Neno zito hapo ni "mfululizo". Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu aliyekuwepo hata siku chache tu ndani ya miezi hiyo 12 ameukata mfululizo. Linganisha na yule mama wa Jamaika: Marekani mwezi mzima kila mwaka haukumsaidia, Ulaya siku chache zinatosha. Kuna mpaka mwengine wa miaka 6 nje ya nchi yenyewe iliyokupa kibali, basi usifanye mchezo wa kushukia Paris kila mwaka bila kufika Italia.

Aliye na ukaazi wa kudumu kwa kuwa ni mume au mke wa raia wa Ulaya ana nafasi kubwa zaidi: miaka miwili mfululizo. Uingereza nayo, kwa mwenye ruhusa ya kuishi bila kikomo, ni miaka miwili mfululizo, kisha inakufa na unaanza kuomba kama mkaazi anayerejea.

Na wale wa Ghuba, msijichanganye. Viza ya kawaida ya kazi ya Falme za Kiarabu ukikaa nje zaidi ya miezi 6 huvunjika, na ile ya dhahabu haivunjiki; lakini huo si ukaazi wa kudumu tunaouzungumzia hapa.

Tuzipime kwa mambo ya kwetu

Badala ya kulinganisha vifungu, mimi hupenda kuwauliza watu: kitu gani kinakuzuia, na kina urefu gani?

Eda, kwa mfano. Mume amefariki, mke yuko Malindi, ana miezi minne na siku kumi, takribani siku 130. Marekani anapita, maana hajafika 180. Italia anapita. Kanada anapita, lakini siku 130 zimetoka katika mfuko wake na hazirudi. Australia inategemea tu kama ruhusa ya kusafiri itaisha akiwa ndani ya eda. Kama itaisha, na alishakaa miaka yake miwili, ataomba viza ya kurejea bila presha.

Mzazi aliyelala, ambaye daktari hasemi mwisho wake lini. Tuseme imefika miezi 14. Kanada: bado uko salama kama hukuwa umeshatumia siku nyingi. Marekani: kama ulikuwa na kibali cha kuingia tena, sawa, kama hukuwa nacho, uko katika kilima cha DS-117. Italia: kama hukwenda hata mara moja, umepoteza. Australia: hakuna kilichotokea, madhali uko ndani ya mitano.

Nyumba ya ghorofa inayojengwa kidogo kidogo, miaka mitatu. Hapa nasema bila kuficha: kwa Marekani huyo mtu amechagua nyumba, aache kujidanganya. Kanada yuko ukingoni. Australia yuko vizuri. Italia yuko vizuri akipanda ndege mara moja kila mwaka.

Ukiniuliza mimi, mtu mwenye wazazi wazee na asiye na ndugu wa kumpokezana nao, nchi ninayoweza kuishi nayo kwa amani ni Kanada. Australia inampendelea anayechelewa mwanzoni, Kanada inampendelea anayekuja na kurudi maisha yake yote, na maisha ya watu wa huku ni ya kuja na kurudi. Marekani ni ya aliye tayari kuhama kweli. Haina haya kukuuliza, na ina haki.

Wote pamoja, au mmoja atangulie?

Wengi hutaka baba atangulie, familia ifuate. Angalia nani ndiye mwombaji mkuu. Kanada, anayefuatana hawezi kutua kabla ya mwombaji mkuu. Ni lazima waende pamoja au yeye baadaye, na tarehe ya mwisho ya kila mmoja ni yake. Siku nazo zinahesabiwa mtu kwa mtu. Mke akikaa Kanada miaka mitano, mume aliyebaki Malindi hapati hata siku moja kutoka kwake, isipokuwa mke akiwa ameshakuwa raia na wakaishi nje pamoja.

Na uraia ndio unaomaliza hesabu zote hizi. Kanada unahitaji siku 1,095 za kuwepo katika miaka mitano. Australia miaka minne, wa mwisho ukiwa mkaazi wa kudumu, bila kukosekana zaidi ya mwaka mmoja kwa jumla. Marekani kwa kawaida miaka mitano, na safari ya zaidi ya miezi sita inaweza kuikata hesabu hata ukiwa na kibali cha kuingia tena. Kenya haikunyang'anyi kitu. Tangu katiba ya 2010 mzaliwa wa hapa anaweza kushika pasipoti mbili. Kuchelewa kutua kunasogeza siku hiyo mbele, na hilo nalo litie katika mizani.

Kwa wa kwetu, mwombaji mkuu alikuwa dada. Waliamua kutua wote wanne tarehe 10 Agosti 2025, shule za hapa zikiwa zimefungwa. Mama mkwe aliachwa na binamu kwa wiki mbili, binamu ambaye mpaka leo anatudai shukrani. Dada na watoto walibaki. Shemeji akarudi Malindi kwa treni kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha matatu, na kadi yake ilipofika kwa dada aliletewa na mtu aliyekuwa anakuja harusini.

Miaka yake mitano inaisha tarehe 9 Agosti 2030. Ukitoa 730 kwa kurudi nyuma unafika 10 Agosti 2028, na zile wiki mbili alizokaa ni za juu. Mimi nilimwambia asiifikie hiyo. Kwenye kalenda ya jikoni amezungushia duara nyekundu 10 Mei 2028, akabakisha miezi mitatu ya mambo ambayo hatuyajui. Mamake sasa anakaa, anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, na asubuhi hutolewa barazani kuwasalimia wapita njia.

Wiki iliyopita shemeji aliniandikia usiku: "Shemeji, ile siku yenyewe ya kuingia inahesabiwa?" Nikamjibu inahesabiwa nzima, hata ndege ikigusa ardhi saa tano na dakika hamsini usiku. Na siku ya kutoka vilevile.